Kijana Akisharuhusiwa Hospitali, Nani Anampokea?

Mada kwa semina ya waganga wafawidhi wa zahanati, watendaji wa kata na wahudumu wa afya ngazi ya jamii

Nimeombwa kuzungumzia nafasi ya jamii katika kumsaidia kijana mwenye saikosisi. Dalili mnazijua: kusikia sauti wasizozisikia wengine, kushikilia imani isiyotikisika kwamba anawindwa au anarogwa, mazungumzo yasiyoshikana. Aghalabu huanza ujanani. Mnajua pia kwamba familia nyingi hupitia kwa mganga wa kienyeji, sheikh au mchungaji kwanza. Sizilaumu, zinakwenda zinakopokelewa.

Linaloniumiza ni la baadaye. Kijana amelazwa, sauti zimepungua, usingizi umerudi, ameanza kumuuliza mama yake habari za nyumbani. Anaruhusiwa na dawa za mwezi, kadi ya kliniki na tarehe ya kurudi. Akishapanda basi, hakuna mtumishi aliyekabidhiwa jina lake. Zahanati ya kijijini haina habari kwamba amerudi. Dawa zikiisha, nauli ya watu wawili hadi mkoani inagombana na mbolea na mahitaji ya shule. Pengine haziishi: haloperidoli imemkakamaza shingo, mikono inatetemeka, miguu haitulii, wenzake wanamwita zezeta, naye anaziacha. Mara nyingi kupunguza dozi au kumwongezea benzheksoli kungemtuliza, ila hayupo wa kumwambia. Baadaye analetwa tena kafungwa kamba, nasi tunaandika kwenye faili: "aliacha dawa". Kwa miaka mingi nimeyapinga maneno hayo vikaoni, na leo nayapinga tena, kwa sababu yanamtwisha kijana mgonjwa kosa la mfumo mzima.

Tunajibiwa kwamba uwezo hauruhusu. Sizungumzi kwa niaba ya wizara, na nawaheshimu wanaopanga bajeti, lakini utaratibu tunaouhitaji tunao. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi ya Dkt. Karel Styblo hapa Tanzania ilichangia kuzaa matibabu ya kusimamiwa ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaeneza duniani. Mgonjwa wa kifua kikuu asipotokea, rejesta inamwonyesha na mtu anamfuata nyumbani. Kijana wetu anahitaji dawa kwa muda mrefu zaidi, kwa kawaida angalau mwaka mmoja baada ya kupata nafuu, lakini katika zahanati nilizopita sikukuta rejesta yake.

Kwa hiyo nashauri hospitali impigie simu mganga mfawidhi kabla ya kumruhusu kijana, na zahanati imwandike siku hiyohiyo. Sindano ya flufenazini, ambayo hufanya kazi wiki kadhaa, ipatikane karibu na nyumbani. Wilaya iiombe Bohari ya Dawa mapema, na wauguzi wafundishwe kuitumia na kutambua madhara yake. Palipo na haloperidoli, benzheksoli isikosekane. Wahudumu wa jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024, wamtembelee katika wiki ya kwanza, kwa ridhaa yake, bila kumtangaza kwa majirani. Wasisubiri mpaka akose tarehe. Waulize juu ya shingo, usingizi na miguu, siyo tu "umemeza?"

Viongozi wa dini na waganga tuwaombe jambo moja: waombee, watibu, lakini wasimwambie aache dawa. Watendaji wa kata wazuie kamba na minyororo, na wawe na namba ya simu ya kituo. Fundi cherehani au mwenye gereji akubali aanze kwa nusu siku, maana dawa za asubuhi humlemeza. Mwalimu mkuu amrudishe darasani. Halmashauri ziingize nauli ya ufuatiliaji kwenye bajeti ijayo.

Narudia rejesta, kwa kuwa mengine yote yanaitegemea. Kibali cha kufungua daftari la kufungiwa kabatini, lenye jina, dawa, tarehe ya kurudi, simu ya ndugu na jina la anayemfuatilia, mganga mfawidhi anacho tayari. Naomba kila zahanati iliyowakilishwa hapa ilifungue Jumatatu.