Tangi Linalovuja: Mazungumzo na Madereva na Mafundi wa Tarasaa



Msimu wa maembe ukifika, lori huingia Ngao na Tarasaa likiwa tupu na kutoka limejaa pomoni. Hapo ndipo tangi la mafuta hupata taabu. Njia za ndani zina mashimo, tangi hutikisika ndani ya mikanda yake ya chuma, na raba iliyo chini ya mkanda ikishakatika, mchanga huingia na kusaga chuma siku baada ya siku. Nyufa nyingi huanzia hapo, mahali ambapo jicho halifiki.

Kosa la kwanza la dereva ni kuliamini tone. Dizeli hutambaa. Hutoka juu, ikafuata mkanda, ikadondoka upande mwingine kabisa, na fundi akaziba pasipo na tundu. Dereva mzoefu huosha tangi zima kwa sabuni na maji, hulikausha kwa kitambaa, kisha hulipaka chaki iliyosagwa. Panapolowa kwanza ndipo penye ufa. Saa ya kuvuja nayo ina habari zake. Tangi likivuja likiwa limejaa, kisha likaacha mafuta yanaposhuka nusu, tundu liko juu, mara nyingi kwenye gasketi ya geji. Likivuja injini inaponguruma tu, huenda tangi halina kosa. Zikaguliwe paipu, hasa ile inayorudisha mafuta.

Njiani, kipande cha sabuni ya mche kikisuguliwa kwenye ufa mdogo huweza kulifikisha lori Garsen au Malindi, kwani mafuta hayaiyeyushi sabuni kama maji yanavyofanya. Si dawa ya mwezi mzima, ingawa wapo wanaoitumia hivyo.

Kuchomelea ndiko kunakoua. Tangi lililomwagwa mafuta si tangi tupu. Limebaki na mvuke, na mvuke huo ukichanganyika na hewa hulipuka. Dizeli baridi haishiki moto kwa urahisi kama petroli, na hilo ndilo humdanganya fundi: joto la kuchomelea huyachemsha mabaki yaliyojificha kwenye kona, na mvuke ukapatikana papo hapo. Kwa hiyo tangi hufunguliwa kutoka kwenye lori, likaoshwa kwa maji moto na sabuni zaidi ya mara moja, vifuniko vyote vikaachwa wazi, kisha likajazwa maji hadi karibu na ufa. Fundi asiye na nafasi ya kufanya hayo alikatae. Mwenye lori atalalamika kwamba maembe yanaoza, lakini anayeinama juu ya tangi si yeye.

Maji hayo ya kuoshea yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea Mto Tana. Wapo wanaochota chini.

Petroli ni hatari zaidi. Huko Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka na watu kukimbilia kuchota. Julai 2021 yakatokea tena Malanga, Siaya. Tone la lori la maembe si sawa na lile, lakini watoto wenye vibuyu na mitungi hawajui tofauti. Lori linalovuja lisimamishwe mbali na jiko la mama wa samaki na kibanda cha chai, injini izimwe, na tanboi abaki hapo kuwafukuza wavuta sigara mpaka fundi afike.