Kupumzika Nako Ni Kazi: Kuwasaidia Wazee Wetu Kupunguza Msongo wa Mawazo



Tunapozungumzia haki na amani, mawazo yetu huelekea upesi kwenye mahakama, mashamba yanayogombaniwa na vita vya mataifa. Leo tungependa kuzungumzia amani iliyo karibu nasi zaidi, nayo ni amani ya mwili na moyo wa mzee tunayeishi naye nyumba moja.

Sera ya Taifa ya Wazee, iliyotolewa nchini Tanzania mwaka 2003, inamhesabu kuwa mzee mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wengi husema huo ni umri wa kupumzika. Lakini tukitazama katika nyumba zetu, twamwona bibi akilea wajukuu walioachwa yatima, huku akihesabu fedha za unga na za madaftari. Twamwona babu aliyestaafu akifuatilia mafao yake kutoka ofisi hii hadi ile. Twamwona mjane anayehofia kunyang'anywa shamba. Katika sehemu za Kanda ya Ziwa, wamekuwako hata wanawake wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na pengine ushahidi wote ulikuwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni wa miaka mingi.

Hofu ya namna hiyo haikai kichwani tu. Mtu anapoogopa, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi, shinikizo la damu hupanda, na misuli hukaza tayari kwa kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, mwili hurudi katika hali yake. Lakini mashaka yanayodumu mwezi baada ya mwezi huuacha mwili ungali umekaza. Ndipo mzee anapokosa usingizi, anapolalamikia shingo na mgongo, na kukasirika kwa jambo dogo. Nasi twamwambia, "Pumzika, mzee wetu." Anakwenda kulala, na mawazo yanazidi.

Yatupasa kuelewa kwamba kupumzika si kukaa bure tu. Ni kitendo ambacho mwili waweza kufundishwa. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani alieleza njia moja katika kitabu chake cha mwaka 1929. Mtu hukaza misuli kwa makusudi, kisha huilegeza, na hivyo hujifunza kuitambua tofauti. Misuli ikilegea, moyo nao hupata nafasi ya kutulia. Njia hii haihitaji dawa wala chombo; kiti chenye egemeo chatosha.

Mzee na akae, nyayo zake zikikanyaga chini na mikono ikiwa mapajani. Avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi. Kisha avikandamize vidole vya miguu sakafuni kwa sekunde 5 hivi, aviachie kabisa, na atulie kwa sekunde 15 au 20 akisikiliza jinsi ulegevu unavyoenea. Afanye vivyo hivyo kwa mapaja, kwa ngumi, kwa mabega yakiinuliwa kuelekea masikioni, na mwisho kwa uso ukikunjwa. Dakika 10 au 15 kila siku zatosha, hasa kabla ya kulala.

Tahadhari ni muhimu. Asizuie pumzi anapokaza, hasa akiwa na shinikizo la damu. Kiungo chenye maumivu, kilichovunjika au kilichopasuliwa karibuni kiachwe. Akimaliza, asiinuke ghafla, asije akapata kizunguzungu na kuanguka. Dawa alizoandikiwa aendelee nazo. Na akiwa na maumivu ya kifua, au huzuni isiyomwachia kwa majuma mawili, apelekwe kwa mganga hospitalini.

Hata hivyo, mazoezi haya hayaondoi njaa, wala hayamrudishii mjane shamba lake. Tutakuwa wanafiki tukimfundisha bibi kulegeza mabega, kisha tukamtwika tena mzigo uleule. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, familia impe mzee muda wake. Mtu mwingine ateke maji na kumbeba mtoto kwa dakika hizo.

Pili, tufanye naye. Mzee anayeishi peke yake ana haja ya mwenzi wa kuketi naye kuliko ya mwalimu. Kijana ayataje maelezo kwa sauti ya upole, naye akaze na kulegeza pamoja na mzee.

Tatu, tushughulikie chanzo cha mashaka. Tumsindikize babu ofisini, na tusimame na mjane mbele ya baraza. Zanzibar ilianza mwezi Aprili mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wenye miaka 70 na zaidi, wakiwamo wale ambao hawakuwahi kuajiriwa. Mzee mwenye hakika ya kupata kitu kila mwezi, hata kiwe kidogo, ana jambo moja pungufu la kumkosesha usingizi.

Tunaziomba basi jumuiya zetu ndogo ndogo, katika mkutano wa juma lijalo, ziwataje wazee wa mtaa wao mmoja mmoja, na kila mmoja apangiwe mtu wa kumtembelea. Anayekwenda aulize kwanza ni jambo gani linalomkosesha mzee usingizi, amsikilize hadi mwisho, ndipo waketi pamoja na kuanza na vidole vya miguu.