Watoto Wetu na Njia ya Kwenda kwa Wenzao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya malezi, nami nimechagua jambo lionekanalo dogo: mtoto kutoka nyumbani peke yake kwenda kuzungumza na kucheza na wenzake.

Mwezi uliopita mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 10 aliniomba ruhusa atoke kwetu Kibokoni aende Majengo kwa rafiki yake wa skuli. Nikamkatalia. Akaniuliza, "Babu, wewe ulipokuwa kama mimi ulikuwa ukienda na nani?" Sikuwa na jawabu, kwani nilikuwa nikienda peke yangu. Tukitoka chuoni alasiri tulishika Ndia Kuu, tukateremka bandari ya kale kutazama majahazi; na siku za Idi tulijazana Makadara, wala hapakuwa na mzazi aliyetushika mkono.

Lakini isidhaniwe kuwa tulikuwa hatuangaliwi. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa na baraza za mawe kando ya mlango, na kila baraza ilikuwa na mzee wake. Ukipigana kichochoroni, habari hufika nyumbani kabla yako. Mzee yeyote aliweza kukuita, "We mtoto wa fulani, njoo hapa!" akakukanya, na mzazi wako akashukuru.

Leo baraza nyingi ni tupu, na pikipiki hupenya hata pale palipokuwa pa kupita watu wawili. Mzee akimkanya mtoto wa jirani, huenda akajibiwa maneno makali. Mimi yamenipata, na tangu siku hiyo nikanyamaza. Nakiri kwamba nilikosa. Tumewaondolea watoto macho yetu, kisha twawafungia ndani kwa kuwa hakuna wa kuwaangalia. Mtoto hubaki na simu, akafanya urafiki na watu tusiowajua, nasi twasema yu salama kwa sababu yumo chumbani.

Sisemi kwamba kila hofu ni ya bure. Kivuko ni jambo jingine kabisa. Hatujasahau tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipozama wakafa watu 272. Mtoto mdogo asivuke Likoni bila ya mtu mzima, ingawa aendaye kwa miguu hatozwi nauli. Barabara ya Digo nayo avushwe mpaka akomae. Ama kutoka Kibokoni hata Ngomeni, akiwa na wenzake wawili watatu, sioni sababu ya kumzuia. Na wasichana je? Wao hufungiwa mapema zaidi, wala hatuwaelezi kwa nini.

Basi naomba mambo mawili. Wazee turudi barazani baina ya alasiri na magharibi. Na wazazi mtupe idhini hapa, mbele ya mkutano, kwamba tukimwonya mtoto wenu kwa ulimi, bila ya fimbo, hamtakuja kututeta.

Mimi nimekwisha kuagana na mjukuu wangu. Ijumaa hii nitamvusha Barabara ya Digo, kisha atakwenda mwenyewe mpaka kwa rafiki yake. Na kabla ya magharibi nitakuwa pale pale nikimngojea.