Shaba yetu tuliikuta Bruxelles

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama hapa Kingamyambo)

 

Toka tumefika, kila mutu anatuuliza paka kintu kimoja: kule Ulaya muliona nini? Tunajua wengi kati yenu munaweza kujibu ulizo hilo kutupita, juu muliishi kule miaka, si majuma mawili kama sisi. Lakini mumetuomba tuseme, tena mbele ya vijana hawa wanaokaa pale nyuma, wale wenye kupiga hesabu ya kuuza parsele ili wapate njia. Basi tutasema yale tuliyoyaona kwa miguu yetu wenyewe.

Tulienda juu ya kazi, mikutano ya shirika, mwezi wa kwanza, baridi yenyewe. Siku za mikutano hatukuona kitu: asubuhi giza, jioni giza. Saa mbili ya asubuhi taa za barabara zinawaka bado, na kabla ya saa kumi na mbili ya jioni usiku umeshaingia. Jua, kama liko, linapita chini chini kama mutu mwenye deni. Njo maana siku zetu mbili za mapumziko hatukutaka kuzipoteza ndani ya chumba. Tulitembea. Tikiti ya tramu ni pesa, kutembea ni bule.

Kwa wale watakaoenda: baridi ya kule haianzi kichwani, inaanza kwenye nyayo. Viatu vyenye ngozi nyembamba chini, viache hapa. Soksi mbili, na gazeti ndani ya kiatu likilowa unalibadilisha. Barabara za katikati ya muji zimepangwa mawe, zikipata mvua zinateleza kama sabuni.

Siku ya kwanza tulianzia Gare du Nord tukaingia boulevard Adolphe Max. Pale kuna hoteli Plaza. Ukiitazama ni nyumba ya kawaida ya wenye pesa, mutu anapita bila kugeuka. Lakini ndani mule, mwezi wa kwanza 1960, African Jazz ya Kabasele walipiga Indépendance Cha Cha kwa mara ya kwanza, wakati ba mukubwa wetu walikuwa wanakaa kwenye Table Ronde. Na Lumumba alitoka wapi kwenda kule? Alitoka hapa kwetu. Alikuwa amefungwa Jadotville, ni kusema Likasi. Walimufungua tarehe 25, wakamupandisha ndege, akaingia Bruxelles mikono ingali na alama za pingu. Tarehe 27 siku ya uhuru ikakubaliwa: 30 juni 1960. Kutoka gereza la Likasi mpaka meza ile, siku mbili. Sisi na makaratasi yetu yote, na mialiko yenye muhuri, visa ilituchukua miezi.

Nyuma kidogo ya boulevard ile kuna rue du Marais. Wazee wetu walifanya kazi ya Union Minière. Leo kampuni inaitwa Umicore, toka 2001, na biro yake iko kwenye barabara ile ile. Tulisimama mbele ya mlango dakika chache. Hakuna kitu cha kuona, ni vioo na mlinzi. Lakini fikirini: toka 1906, Union Minière ilipozaliwa, mpaka 1967, ilipochukuliwa na serikali na kuzaa Gécamines, kila kintu tulichokijua hapa, nyumba ya mufanyakazi, lopitali, masomo, mufuko wa unga wa mwisho wa mwezi, kilikuwa kinaamuliwa kwenye vyumba vya muji huu. Kolwezi yenyewe, wazee wetu waliijenga kwa mikono, lakini ilichorwa kwa kalamu za kule.

Grand-Place tuliipita. Ni nzuri, hatukatai, dhahabu juu ya kuta, na wageni wanapiga picha mpaka hakuna fasi ya kupita. Manneken Pis pia tulimwona, kale katoto kanakokojoa. Bantu wanavuka dunia nzima kuja kukaona, na urefu wake haufiki hata santimeta 60. Tulicheka, tukaendelea.

Kutoka pale barabara inapanda, na mapafu yanasema. Njiani, kwenye Mont des Arts, munaona Palais des Congrès, njo pale Table Ronde ilikaa, toka tarehe 20 januari mpaka 20 februari 1960. Munapita mbele ya nyumba ya mufalme, munazunguka ukuta wake, munafika Place du Trône. Na hapa tulikaa muda mrefu kupita fasi yote.

Pale Trône kuna sanamu ya Léopold II juu ya farasi. Kubwa, ya shaba nyeusi, ndevu mpaka kifuani, mgongo kwa nyumba ya mufalme. Ilisimamishwa 1926, kazi ya fundi mmoja jina Thomas Vinçotte. Magari yanazunguka mbele yake, bantu wanasubiri bisi, hakuna anayemutazama. Lakini kwenye msingi wa sanamu kuna maneno ya Kifaransa, na maneno hayo, bandugu, yanatuhusu sisi. Yanasema kwamba shaba na bati ya sanamu hii vilitoka Congo belge, na kwamba Union Minière du Haut-Katanga ilivitoa bule, kama zawadi.

Tulisoma mara tatu.

Mwaka 1926 Kolwezi ilikuwa haijakuwa muji. Shaba ya wakati ule ilikuwa inayeyushwa Lubumbashi, toka 1911, na wachimbaji walikuwa wanaletwa kutoka mbali, Rhodésie ya Kaskazini, Ruanda-Urundi, Lomami. Wengi wetu hapa ni wajukuu wao, njo maana kwenye avenue moja tu ya Kolwezi utasikia luga tano. Sasa, zawadi ni kintu mutu anachotoa mukononi mwake. Ile shaba ilitoka mukononi mwa nani? Kampuni iliandikwa, mufalme akapewa farasi, na yule aliyeshuka ndani ya shimo hakuandikwa hata jina la kilalo chake. Na kabla ya kampuni, babu zetu walikuwa wanayeyusha shaba wenyewe, wanaimwaga iwe misalaba, wanafanyia biashara mpaka mbali. Hakuna mzungu aliyewafundisha.

Tulibishana pale pale kwenye baridi. Mmoja wetu alisema sanamu ingebaki, juu maneno yale ni hati: siku mutu akikataa kwamba muji ule ulijengwa na mali yetu, unamupeleka asome. Mwingine akasema hati inaweza kukaa kwenye mize, haina lazima ya kupanda farasi. Kule kwao pia wanabishana. Mwaka 2020 walimumwagia rangi nyekundu, na mwaka 2022 tume ya muji iliyochunguza sanamu za ukoloni ilitoa wazo, kati ya mawazo mengine, kwamba iyeyushwe ili ifanywe ukumbusho wa wale waliokufa. Sisi watu wa shaba tunajua kuyeyusha. Lakini hakuna aliyekuja kutuuliza huku: ikiyeyushwa, shaba ile ni ya nani?

Wakati tunabishana kwa Kiswahili, papa mmoja aliyekuwa anangoja bisi akatugeukia. «Ninyi munasema kama kwetu.» Mutu wa Likasi. Alituomba tusimutaje, na hatutamutaja. Yuko kule miaka mingi. Kazi yake ni kusafisha mabiro, anaanza saa kumi ya usiku, anamaliza wakati wenye biro wanaingia, kiisha anakwenda fasi ingine mpaka usiku. Alituambia muji ule anaujua paka ndani ya giza. Pale Trône anabadilisha bisi kila siku ya Mungu, na maneno yale hakuwahi kuyasoma. Tulimusomea. Akanyamaza. Kiisha akasema: «Kumbe tulitangulia kufika, sisi ba Katanga.» Akacheka, na sisi tukacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Kabla bisi yake haijafika alituomba jambo moja. Nyumbani wanajua anafanya kazi ndani ya biro. Ni kweli, iko ndani ya biro. Tusiseme zaidi. Ana mutoto hapa anayejenga kwa pesa anayotuma, na mutoto huyo anataka naye aende. Papa anaogopa kusema hapana, juu atalazimika kueleza sababu.

Ba papa na ba mama, munajua ugonjwa huo kutupita. Kati yenu muko waliorudi na mufuko mmoja wa plastiki, wakafichama kwa ndugu mwezi mzima mbele ya kutoka barabarani. Ba jirani walikuwa wanangoja gari. Shirika hili lilizaliwa juu ya watu hao. Kwa hiyo tunasema wazi: mwanachama akisimama mbele ya vijana, aseme saa aliyokuwa anaamka, aseme kodi ya nyumba ilikuwa ngapi na ilibaki ngapi, aseme alilala na wangapi ndani ya chumba. Anayetaka kwenda kiisha ya kusikia, aende, ni haki yake. Lakini asiuze parsele ya mama yake juu ya picha.

Kutoka Trône mpaka Porte de Namur ni dakika tano kwa miguu. Pale kuna Place Patrice Lumumba, ilifunguliwa 30 juni 2018. Musifikiri ni fasi kubwa: ni kona ndogo yenye kibao, bantu wanashuka metro wanapita. Bantu walidai miaka mingi mpaka kuipata. Nyuma yake inaanza Matonge, na ghafla munasikia Lingala, mapondu yako juu ya meza, makayabu, chikwanga, ba mama wanasuka nywele nyuma ya kioo chenye ukungu. Unga wa bukari uko, lakini bei yake mutatusamehe, hatutaitaja.

Siku ya pili tulichukua tramu 44 inayopita katikati ya pori mpaka Tervuren. Wengi wanaenda kuona mize ya Afrika, iliyofunguliwa upya desemba 2018. Sisi tulianza kanisani. Kando ya ukuta wa kanisa la Mtakatifu Yohane kuna makaburi saba. Mwaka 1897 Léopold alileta Wakongomani 267, wakawekwa kwenye kijiji cha maonyesho, bantu wakaja kuwatazama. Saba hawakurudi: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Majina yao yameandikwa juu ya mawe. Tuliyasoma kwa sauti, kila moja, juu pengine lugha za kwao hawazisikii mara mingi. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo kidogo. Hatukupiga picha.

Hapa Kingamyambo munaona kila siku masalia ya concentrateur, yale yaliyotupwa hapa na kwenye mto Musonoi, ile michanga ambayo zamani ilihesabiwa takataka. Leo yanachotwa tena, juu ndani mulikuwa mumebaki shaba na cobalt. Yanaondoka na magari, mchana na usiku. Vijana, yaandikeni. Tarehe, magari mangapi, yanaelekea wapi. Daftari moja inatosha.

Picha za Trône na za Matonge ziko biro, anayetaka kuona aje jumamosi kiisha ya mukutano wa likilimba. Makoti mawili mazito tuliyonunua kule kwa bei ya mitumba tumeyaacha kwa katibu. Mwanachama au mutoto wa mwanachama anayesafiri wakati wa baridi atayapata kwa mkopo, atasahini, na akirudi atayaleta yakiwa yamefuliwa. Moja limekosa kifungo cha juu.