Nyumba Mpya na Konde Zetu



Hatupingi nyumba. Tangu 1964 ardhi yote ya Unguja na Pemba ni ya Serikali, nasi tu watumiaji. Basi mpimaji ajapo kijijini kwetu na vigingi vyake huhesabu minazi na miembe. Twaambiwa tutalipwa miti, na konde lenyewe ni kama halina thamani. Mnazi hulipwa mara moja, nao ungalituzalia miaka 50 na zaidi! Na makaburi ya wazee wetu je, nayo yatahesabiwa kwa shina?

Maghorofa tumeyaona Makunduchi tangu zama za Mzee Karume. Mkulima akaaye ghorofa ya juu, ng'ombe wake amfunge wapi?

Twataka mkutano wa kijiji kabla ya kigingi kingine kupigwa, na ramani ibandikwe barazani tuisome.