Kisanduku cha Gogo Moja

Mazungumzo haya yanahusu kisanduku kidogo cha mti, kile ambacho bibi aweza kukiweka kando ya kitanda na kutia ndani yake pete, herini, vifungo na funguo zake. Ni kitu kidogo, wala hapana fundi atakayejenga nyumba ya mawe kwa faida ya kisanduku kimoja. Lakini katika Malindi, Watamu na Kilifi, ambako wageni hupita na kutafuta kitu cha kurudi nacho kwao, kitu kinachoenea ndani ya mfuko wa safari huuzwa upesi kuliko kabati. Nacho kikipasuka huko kiendako, mnunuzi hatarudi, na rafiki zake hawatakuja.

Maseremala wa pwani wanajua masanduku tangu zamani. Kasha la bibi arusi, lililopigwa misumari ya shaba, huundwa kwa mbao zilizopigwa randa na kuungwa pembeni. Kisanduku kinachoelezwa hapa ni cha namna nyingine. Hutolewa ndani ya pande moja la mti, kama vile kinu kinavyotolewa katika gogo, au mtumbwi katika mwembe. Tofauti ni hii: mchonga kinu hulitupa tumbo la gogo likiwa vibanzi, bali fundi huyu hulitoa tumbo zima zima, akalikata nafasi ndani yake, akalirudisha mahali pake liwe mtoto wa kisanduku, avutwaye na kurudishwa kama mtoto wa meza.

Chombo kinachowezesha kazi hiyo ni msumeno wa ukanda. Ni utepe wa chuma cha pua, mwembamba, wenye meno upande mmoja, ambao ncha zake mbili zimeungwa ukawa duara, nao huzunguka juu ya magurudumu mawili, moja juu na moja chini, kama ukanda wa cherehani ya miguu. Mashine husimama mahali pake, na fundi ndiye ausukumaye mti juu ya meza kuyaelekea meno. Mwingereza William Newberry alipata hati ya mashine ya namna hii mwaka 1808, lakini kwa muda wa miaka karibu arobaini haikufaa sana, kwa sababu utepe ulikuwa ukikatika mahali ulipoungwa. Mwaka 1846 bibi mmoja wa Ufaransa, Anne Paulin Crépin, alipata hati kwa ufundi wake wa kuziunga ncha hizo, na tangu hapo msumeno ukaanza kuenea. Walio na desturi ya kusema kwamba mashine si mambo ya wanawake na walikumbuke jina hilo.

Uzuri wa utepe ni kwamba waweza kufuata mstari uliopinda, nao hula mti kidogo tu, kama milimita moja, hali msumeno wa duara aghalabu hula milimita tatu. Katika kisanduku hiki jambo hilo ni kubwa, kwa kuwa ile nafasi nyembamba iliyoliwa na meno ndiyo nafasi atakayopita mtoto wa kisanduku.

Sasa huja shauri la mti, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wachongaji wa Kikamba, ambao kazi yao yasemekana ilianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu baada ya kujifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, walipokuja kufanya kazi Malindi waliupenda sana muhuhu, mti mgumu wenye harufu nzuri. Muhuhu hukua polepole mno, nao ulitafutwa katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kati ya Kilifi na Malindi, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Msitu huo uliwekwa chini ya hifadhi tangu mwaka 1943, lakini shoka halisomi tangazo. Katika miaka ya 1990 shirika la WWF pamoja na wenzao walianza kuwashawishi wachongaji waache muhuhu na kutumia miti ya mashambani, yaani mwembe na hasa mwarobaini.

Mwarobaini haukosekani. Uliletwa kutoka nchi za Bara Hindi, ukapewa jina lake kwa kuwa watu waliuamini kuwa dawa ya maradhi arobaini, na leo humea kando ya barabara, nyuma ya nyumba na katikati ya mashamba, hata penginepo huhesabiwa kuwa magugu. Ni jamaa ya mkangazi. Rangi ya moyo wake huelekea wekundu, na mchwa hawaupendi. Mwenye shamba akiuza mwarobaini wake kwa fundi, pasipo kusahau kibali cha kuusafirisha, wote wawili hupata, na muhuhu hubaki msituni.

Lakini mwarobaini mbichi haufai kabisa kwa kisanduku. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji, nayo yakitoka, mti hunywea. Tena haunywei sawasawa pande zote. Kwa urefu wake karibu haunywei hata kidogo. Kwa upana hunywea, na kuifuata duara ya mti hunywea kiasi cha mara mbili kuliko kutoka gandani kuelekea moyoni. Ndiyo sababu gogo zima likiachwa juani hupasuka nyufa zinazoelekea katikati. Basi gogo na lipasuliwe mbao za inchi moja au mbili zingali mbichi, ncha zake zipakwe nta au rangi ili zisikauke mbele ya sehemu nyingine, kisha mbao zipangwe kivulini, na kati ya mbao na mbao viwekwe vijiti ili upepo upite. Maseremala wengi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mwenye mizani hana haja ya kubahatisha: achague ubao mmoja, aupime kila juma, na siku utakapoacha kupungua uzito ajue kwamba umekauka kadiri ya hewa ya mahali hapo.

Maneno hayo, kadiri ya hewa ya mahali hapo, yasipitwe haraka. Hewa ya Malindi ina unyevu wa bahari, na mti uliokauka vema huko bado huwa na maji karibu sehemu 15 kwa kila 100 za uzito wake mkavu. Mgeni akikichukua kisanduku mpaka Ulaya, akakiweka katika chumba kinachotiwa moto wakati wa baridi, maji hayo huweza kushuka mpaka sehemu 7 au 8. Kisanduku kitanywea, fundi apende asipende. Kazi yake ni kukiunda ili kinywee chote pamoja.

Kuna siri moja tu katika jambo hili, nayo ni kwamba kila kipande kirudi mahali kilipotoka, kikitazama upande ule ule kilioutazama. Mbao zilizokauka huunganishwa kwa gundi, nyuzi za mti zikielekea upande mmoja, mpaka liwe pande lenye upana wa sentimita 20 hivi, na kimo na kina cha sentimita 12. Kabla ya kukata, fundi huchora kwa penseli mishale juu ya pande hilo, mbele, nyuma na ubavuni, ili baadaye ajue nyuzi zilivyolala. Wapo mafundi ambao, kwa kutaka urembo, huziba mgongo wa kisanduku kwa ubao wa mti mwingine uliolala kinyume. Siku ya kuuzwa hupendeza kweli. Baada ya miezi michache, kiwiliwili hutaka kunywea na mgongo hukataa, na mmoja wao lazima upasuke.

Mikato ina utaratibu wake. Kwanza fundi hulilaza pande, uso wake ukitazama juu, akakata umbo la nje, liwe kama yai au kama figo apendavyo, ila upande wa chini ubaki tambarare. Kisha hulisimamisha juu ya upande huo tambarare na kukata mgongo, kipande chembamba kisichozidi sentimita moja, akakiweka kando. Halafu hulilaza tena ili amkate mtoto. Utepe hauwezi kuruka ukaingia katikati ya mti. Hapana budi uingie kwa njia. Njia hiyo huanzia ubavuni, ikizifuata nyuzi ili baadaye isionekane, humzunguka mtoto pande zote, na kutokea pale pale ilipoingilia. Mahali pa kupinda, fundi asilazimishe. Utepe wenye upana wa milimita 6 huweza kuzunguka duara ambayo nusu kipenyo chake ni milimita 16 hivi. Ikiwa ndogo kuliko hiyo, utepe hujinyonga, huungua, na mwisho hukatika.

Mtoto akisha kutoka, husimamishwa na kukatwa uso wake na mgongo wake, kila kimoja milimita 6 hivi. Sehemu ya katikati hulazwa na kukatwa kwa umbo la kinu, kutoka juu, kushuka, na kupanda tena, tumbo likatoka. Ndipo uso na mgongo hurudishwa kwa gundi, mshale kwa mshale. Njia iliyoingilia utepe ubavuni hutiwa gundi na kubanwa, na mgongo wa kisanduku hurudishwa kwake. Asiye na vibano vya kutosha na achukue mpira wa ndani wa baiskeli, aukate vipande virefu, avizungushie kisanduku kwa nguvu na kukiacha mpaka kesho yake.

Juu ya vidole, ni heri kusema wazi. Msumeno huu hauutupi mti nyuma kama ule wa duara, na kwa ajili hiyo watu huuzoea na kuudharau. Kidole kisipite mbele ya meno. Kipande kidogo kisukumwe kwa kijiti. Kilinzi cha juu kishushwe mpaka karibu kiguse mti. Kitu cha mviringo kisikatwe pasipo kitu cha kukitegemeza, kwa maana meno hukizungusha na kuuvuta mkono pamoja nacho. Kanzu na shuka lining'inialo si mavazi ya kazi hii, wala glovu hazifai, kwa kuwa hunaswa. Vumbi nalo ni adui mwenye subira: mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mti katika orodha ya vitu vinavyowaletea wanadamu saratani. Fundi afunike pua na mdomo kwa kitambaa chema, na mashine iwekwe mahali penye upepo, mbali na wanakocheza watoto.

Baada ya gundi kukauka huja msasa, wa chembe kubwa kwanza na laini baadaye, kisha mafuta ya kitani au nta ya nyuki, ambao hufugwa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Nta ipakwe ndani na nje pia. Kisanduku kilichopakwa nje tu hupokea unyevu upande mmoja na kupinda.

Limebaki jambo la mtoto wa kisanduku na majira. Akitengenezwa wakati wa kaskazi, katika Januari au Februari, hewa ikiwa kavu kidogo, huteleza vizuri. Mvua za masika zikija mwezi wa Aprili na Mei, huvimba na kukwama. Fundi mwenye haraka huchukua msasa na kumpunguza pale pale, na kaskazi ya pili mtoto huyo hucheza ndani ya kisanduku kama jino bovu. Ni vema vile visanduku vya kwanza visiuzwe mpaka vimepita masika moja dukani. Akikwama, na aachwe mpaka mvua zipungue; ikiwa mwezi wa Agosti bado hatoki, hapo msasa na utumike, mara mbili tatu tu, kisha ajaribiwe tena.