Sikio la Mwanakwaya na Darasa la Mabati



Mvua ya masika inapopiga mabati ya darasa lisilo na dari, mwalimu ama hupaza sauti ama husubiri ikatike. Akipaza sauti, mwanafunzi wa nyuma huokota vipande vya sentensi, na mapengo huyajaza kwa akili. Mtu mzima hujaza upesi kwa kuwa lugha ameizoea. Mtoto wa kando ya Ghuba ya Speke aliyekua na Kijita au Kisukuma, akafundishwa kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza, mapengo hayo humshinda. Utafiti umelionyesha hili mara nyingi: kelele humnyima msikilizaji maneno mengi zaidi ya lugha ya pili kuliko ya lugha ya mama. Tena uwezo wa kusikiliza penye kelele huendelea kukomaa hadi ujana.

Je, muziki utamsaidia mtoto huyu kusikia penye kelele? Ni swali la haki katika mkoa wetu wenye litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, na kwaya makanisani. Anayeimba besi hushika njia yake huku soprano na teno zikimvuta kwingine. Hiyo ni kazi ngumu ya usikivu.

Mwaka 2009 Alexandra Parbery-Clark, Nina Kraus na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliwapima vijana 31 kwa sentensi zilizofunikwa na kelele. Wanamuziki walishinda, ingawa kwa tofauti ndogo. Wengi wakapokea habari hiyo kama jambo lililokwisha. Halikuwa limekwisha. Dorea Ruggles na wenzake mwaka 2014, kisha Dana Boebinger na wenzake jijini London mwaka 2015, hawakuiona tofauti hiyo. Wa London walikuta kwamba uwezo wa jumla wa kufikiri ndio uliobashiri nani angesikia vizuri.

Ugumu uko hapa: aliyesoma muziki kwa miaka kumi huenda alianza akiwa na utulivu, au na wazazi wenye uwezo. Kwa hiyo nawaamini zaidi waliowafuatilia wanafunzi tangu mwanzo wa mafunzo. Los Angeles, watoto wa familia zenye kipato kidogo waliofundishwa muziki katika programu ya Harmony Project walipata nafuu ya kusikia maneno penye kelele baada ya miaka miwili. Mwaka mmoja haukutosha. Toronto, wazee walioimba kwaya kwa wiki kumi nao walipata nafuu.

Msimamo wangu ni huu: muziki haulinoi sana sikio lenyewe. Humzoesha mtu kuing'ang'ania sauti moja na kuziacha nyingine, na mazoea hayo huja polepole. Kumwambia mzazi kwamba ngoma itafanya kazi ya dari ni kumdanganya. Tangu 1999 Shirika la Afya Duniani limependekeza kelele za darasani zisizidi desibeli 35, na hakuna wimbo utakaozishusha.

Ninyi mlio kwenye bodi za shule, michango ikitosha jambo moja tu, wekeni dari. Ikibaki fedha, fundisheni kwaya na ala kwa miaka miwili au zaidi, na msichague wenye sauti nzuri peke yao. Mtoto asiyeweza kuimba vizuri naye ana masomo ya kusikiliza kesho asubuhi.